Visigino Vyangu Mgongoni mwa Baba

Mafuta ya mbarika yana harufu nzito, na yakishaingia kwenye kanga hayatoki hata ukiifua mara tatu. Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniletea chupa yake kutoka sokoni, akatandika mkeka sebuleni, kisha akakunjua karatasi aliyopewa na binti wa hospitali anayeshughulika na migongo. Yule binti ameniambia kwamba zile nyama laini zinazokaa kati ya pingili za mgongo zimechoka, na moja imechomoza pembeni inasumbua mshipa wa mguu. "Bibi, lala chali," mjukuu akasoma. "Kunja magoti, nyayo ziwe chini. Bonyeza kiuno kwenye mkeka, hesabu mpaka tano, halafu achia." Nikafanya. Kabla hajafika mstari wa pili nikavuta goti moja kifuani, nikalirudisha, nikavuta la pili. Akaniuliza nani alinifundisha. Harufu ya mbarika ilikuwa imeshanifika na nilikuwa ninalia, tena kwa hasira. Wenzangu wa umri huu, ninyi ambao hamwokoti ufunguo sakafuni bila kumtaja Mungu kwanza, naona ninyi mtanielewa kuliko yeye.

Baba yangu alikuwa mpasua mbao. Tulikaa Mzenga, lakini kazi yake ilikuwa msituni upande wa Gwata, ambako yeye na wenzake walichimba shimo, wakalaza gogo juu yake, mmoja akasimama juu na mwingine ndani ya shimo, wakavuta msumeno tangu asubuhi mpaka alasiri. Alikuwa na mabega mapana na mgongo ulionyooka, na wanawake wa kijijini walimsifu Mama kwa kupata mume wa namna hiyo. Kila alipokuwa akirudi nyumbani alimpiga. Sitafuti maneno laini. Alikuwa na kipande cha ubao wa mninga, urefu wa mkono, alichokipiga randa mwenyewe mpaka kikawa laini, akakitoboa tundu na kukitundika juu ya mlango. Alikishusha kwa sababu mchuzi umepoa, kwa sababu Mama amecheka na jirani, kwa sababu hakucheka. Nilijifunza kujua kwa sauti kama kimeangukia begani au kwenye mfupa wa nyonga. Jirani zetu walijua pia. Walipunguza mazungumzo mpaka kelele ziishe, kisha mmoja wao akasema, "Anafundishwa," wakaendelea kuchambua mboga zao.

Siku alipoumia sikuwapo, lakini nimeisikia habari ile mara nyingi. Walikuwa wanaume sita wakipandisha gogo la mvule juu ya shimo. Mmoja aliteleza, uzito wote ukamgeukia Baba akiwa amejipinda nusu, na kitu kikakatika chini kiunoni mwake, akaanguka bila sauti. Walimbeba kwa machela siku mbili. Nilianza kumsikia kabla ya kumwona, maana kila mbebaji alipokanyaga vibaya alipiga ukelele, akawatukana mama zao mmoja mmoja. Walimlaza kwenye mkeka chumba cha mbele. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unawaka maumivu kutoka kiunoni mpaka kidole gumba, na hakuweza kukaa wala kugeuka. Mimi nilikwenda nyuma ya choo nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Nilikuwa na miaka minane au tisa, na hesabu yangu ilikuwa fupi: mtu asiyeweza kusimama hawezi kuufikia ubao ulio juu ya mlango.

Hesabu ile ilidumu siku nne. Siku ya tano Mama alimletea uji ukiwa na moto kuliko alivyotaka. Baba aliuweka chini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nipe ubao." Mama akaushusha, akampa. Kisha Baba akasema, "Sogea." Na Mama akasogea. Alipiga magoti pale mkono wa Baba ulipoweza kumfikia, akainamisha kichwa, akapigwa mpaka Baba alipolia kwa maumivu yake mwenyewe na kuuachia. Kisha Mama akautundika mahali pake.

Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi baadaye, na nilimchukia. Ndiyo, Mama. Mlango ulikuwa wazi, uwanja ulikuwa wazi, mtu mwenyewe hawezi hata kujigeuza, na yeye alikwenda kwa miguu yake. Nilidhani kuna kitu ndani ya kupigwa ambacho watu wazima wanakipenda na hawatuambii watoto, kama wanavyopenda kahawa chungu. Siku moja nilimwuliza kwa nini haendi mbali. Alikuwa anatwanga. Hakuinua macho. "Nisiposogea mie atakuita weye," akasema, akaendelea kutwanga.

Wakati huo huo nyumba ilijaa waganga. Sijui kwa nini watu wakiona mgongo mgonjwa wote wanataka kuutia adabu. Alikuja mmoja akamvuta miguu huku wengine wanne wakishika mikono. Alikuja mwingine akamchanja kwa wembe, mistari kumi na miwili kiunoni, akasugua dawa nyeusi yenye chumvi. Mwingine alimwekea mawe ya moto mpaka ngozi ikatoka malengelenge. Baba alipiga kelele, na kila alipomaliza kupiga kelele alimwita Mama asogee. Nilianza kufahamu kwamba maumivu yale hayakaukii mwilini mwake, yanapita tu yakielekea kwa mtu mwingine.

Ndipo Shangazi, dada yake Baba, alipokumbuka miguu yangu. Kwetu mtoto aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu anaaminiwa kuwa ana dawa nyayoni. Mtu mwenye mgongo analala kifudifudi, yule mtoto anamkanyaga asubuhi tatu mfululizo, na ugonjwa unatoka. Mimi nilizaliwa hivyo. Shangazi alinikalisha kwenye kinu kilicholazwa, akaniosha miguu kwa maji ya majani, akaipaka mafuta ya mbarika mpaka katikati ya vidole, akanishika mikono yote miwili na kunipandisha juu ya mgongo wa baba yangu mzazi. Watu walijaa mlangoni. Nilikuwa mtoto wa kutumwa maji na kufukuza kuku, na sasa watu wazima walinitazama kwa adabu. Asubuhi ya kwanza nilikanyaga taratibu kama nilivyoagizwa. Ngozi yake ilikuwa na joto na makovu ya chanjo, na niliogopa. Asubuhi ya pili vilevile.

Siku hiyo hiyo ya pili, mchana, Baba alimvunja Mama jino la mbele. Sikumbuki sababu. Namkumbuka Mama amekaa kizingitini, anatema damu kwenye mchanga na kuifunika kwa mguu ili kuku wasije wakaidonoa.

Asubuhi ya tatu Shangazi alinipandisha, nikasimama pale pale kwenye bonde la kiuno. Nilizinyofoa mikono yangu kutoka kwake. Niliruka juu kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, nikakunja vidole, nikashuka kwa visigino viwili kwa pamoja.

Sitasema nilisikia nini chini ya miguu yangu. Baba alitoa ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mnyama wala kwa mtu, kisha akanyamaza ghafla, na mkojo ukaenea kwenye mkeka. Walipomfinya mguu wa kushoto hakuhisi kitu. Shangazi akapiga kigelegele. "Dawa imekamatana na ugonjwa!" akapaza sauti. "Mmeona? Dawa imekamatana nao!" Watu wakanishika kichwa, wakanisifu, mmoja akanipa kipande cha muwa. Mama alinivuta pembeni, akanifuta mafuta visiginoni kwa ncha ya kanga yake, kwa nguvu, huku akiangalia huku na huku kama kuna aliyetuona.

Kwa muda mrefu baada ya pale nilitembea kwa ncha za vidole. Niliamini kweli nyayo zangu zina nguvu, ila waliniambia upande mmoja tu wa habari. Niliogopa kukanyaga vifaranga, niliogopa kukanyaga kivuli cha Mama. Lakini kujuta sikujuta. Nimejaribu tangu wakati ule mpaka leo, nikiwa na vitukuu, na bado sijaweza.

Bi Chausiku alifika kutoka Kisarawe zilipopita wiki mbili. Alikuwa ni bibi yake Baba, mdogo wa mama aliyemzaa mama yake, na alikuwa mkunga. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza, na kwa kuwa bibi na mjukuu ni watu wa kutaniana alimwita Baba "mume wangu" na kumsema alivyotaka. Duniani alikuwepo mtu mmoja tu ambaye Baba hakuweza kumkaripia, na ndiye huyo. Aliingia, akanusa hewa, akaona chanjo na malengelenge, akageuka kwa Shangazi.

"Mlikuwa mnamtibu au mnamchuna?"

Shangazi akaeleza habari za miguu yangu. Bi Chausiku akacheka mpaka akakohoa. "Miguu hii niliivuta mie mwenyewe tumboni mwa mama yake. Haina dawa hata chembe. Ina matope tu." Kisha akanitazama, akatazama mgongo wa Baba, akanitazama tena kwa muda zaidi kuliko nilivyopenda. Jioni ile waganga wote walikuwa wamefukuzwa.

Alichokifanya Bi Chausiku kilikuwa kitu ambacho kingemwua kwa aibu mwanamume yeyote wa wakati ule. Alimtibu kama mzazi aliyetoka kujifungua. Wanawake aliowazalisha, wale walioharibika viuno kwa uchungu mrefu, alikuwa akiwarudisha polepole ndani ya siku zao arobaini, kwa kulala, kupumua na kujinyoosha kidogo kidogo, na hakuona kwa nini mgongo wa mpasua mbao uwe mwingine. Alimlaza chali, akamwekea mto wa kanga chini ya magoti, na siku tatu za kwanza hakumruhusu kufanya lolote zaidi ya kupumua kwa tumbo. Baadaye akamwambia abonyeze kiuno kwenye mkeka, ahesabu mpaka tano, aachie. Baada ya hapo goti moja kifuani, akilivuta kwa mikono miwili, kisha la pili, kamwe si yote kwa pamoja. Magoti yakiwa yamekunjwa aliyalaza upande huu na upande ule, kiasi yalivyokubali tu.

"Nasukuma, Bibi, haliendi," Baba alisema huku akitweta.

"Nani amekwambia usukume? Unadhani ni gogo hili? Liombe liende, mume wangu. Likikataa, liache, kesho lipo."

Na alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila siku. Maumivu yakipanda kutoka mguuni yakarudi kiunoni, hata kama kiunoni yamezidi, hiyo ni heri, aendelee. Yakishuka mguuni, aache hapo hapo. Kuinuka alimfundisha kugeuka kwanza ubavu, kisha kujisukuma kwa mkono. Wiki zilipopita akamlaza kifudifudi na kumwegemeza kwenye viwiko, na baadaye akampigisha magoti na viganja, apandishe mgongo juu na kuushusha, taratibu. Wanaume waliopita uwanjani walichungulia na kuuliza kama bwana amejifungua mtoto wa kiume au wa kike. Baba alisaga meno. Wageni walipoondoka alimwita Mama asogee.

Kazi yangu ilikuwa kushika vifundo vya miguu yake visiteleze. Kila asubuhi niliushika mguu wa kushoto, nikausikia unarudi. Siku moja kidole gumba kikatikisika kiganjani mwangu, Bi Chausiku akafurahi. Nilimfuata kisimani.

"Bibi," nikasema, "usimponye."

"Kwa nini?"

"Akisimama atamuua Mama."

Alikaa kwenye jiwe, akaweka ndoo chini. "Meno ya mama yako yamebaki mangapi mbele?" akauliza. Nikamwambia. Akainuka, akajitwisha ndoo. "Nitamsimamisha kabla ya masika," akasema. "Na weye utaendelea kumshika miguu."

Nilimchukia kuanzia hapo. Nilielewa kwamba mjukuu ni mjukuu, na Mama ni mtu wa kuolewa tu. Nilimtia mchanga kwenye uji. Alikula kijiko kimoja, akatema, akasema mchele wa Mzenga siku hizi una mawe, akala uliobaki.

Baba alisimama kabla ya masika. Kwanza kwa kushika ukuta, kisha kwa fimbo, akizunguka nyumba mara moja, mara mbili, akipumzika kabla ya kuchoka. Siku alipotembea mpaka msikitini na kurudi, Bi Chausiku alitangaza dua ya shukrani. Wazee walialikwa, na jumbe wa kijiji, na mwalimu wa msikiti. Ubani ulifukizwa, dua ikasomwa, wanaume wakala wali na nyama ya mbuzi chumbani mbele baada ya swala ya adhuhuri. Mama na mimi tulikaa kwenye mlango wa ndani. Watu walipokuwa wakinawa mikono, Bi Chausiku aliingia katikati ya wanaume, kama ambavyo yeye peke yake alithubutu.

"Mume wangu, umepona?"

"Nimepona, Bibi, alhamdulillahi."

"Huna maumivu?"

"Sina."

"Utarudi kazini?"

"Mwezi ujao, Mungu akipenda."

"Wazee mmesikia," akasema. "Basi mkewe ana neno."

Mama alisimama. Sikuwahi kumsikia akisema mbele ya wanaume. Alisema anaomba talaka yake, na alisema hivyo tu, mikono ikiwa imeshika upindo wa kanga. Baba akacheka. Aliwaambia wazee wamtazame vizuri huyo mwanamke. Alisema mtoto alimrukia mgongoni asubuhi ya tatu, tena kwa visigino, na mtoto wa umri ule haruki kwa akili yake. "Mwulizeni nani alimtuma."

Macho yote yalinijia. Nilifungua mdomo. Mama akanikanyaga kidole kwa uzito wake wote, akasema, "Mie. Nilimtuma mie."

Wazee wakaguna. Nilisikia mmoja akisema mwanamke wa namna hiyo anastahili. Ndipo Baba alipoinuka, akageuka ubavu kwanza na kujisukuma kwa mkono kama alivyofundishwa, akajinyoosha urefu wake wote, akaufikia ubao juu ya mlango. Alimpiga Mama begani. Alimpiga tena shingoni, Mama akaenda chini. Wanaume walibaki wamekaa. "Basi, bwana, basi," walisema, mikono yao ikiwa bado na maji. Ubao ulipopanda mara ya tatu Bi Chausiku aliingia katikati, akanyanyua mkono wake wa kulia. Nilisikia mfupa ukivunjika, sauti ndogo na kavu.

Chumba kizima kilisimama. Mwalimu wa msikiti alipiga kelele, jumbe akamkamata Baba kifuani, watu waliokuwa wakiguna dakika ile walikuwa sasa wanamtemea mate. Amempiga bibi yake! Amemvunja mkono aliyemuuguza! Walimsukuma ukutani, wakamwambia achague kati ya kumwacha mke huyu sasa hivi na kupelekwa kwa liwali Kisarawe akiwa amefungwa kamba. Alitoa talaka. Mwalimu wa msikiti aliiandika pale pale. Mama alikuwa bado yuko chini, na hakuna aliyekumbuka kumwinua mpaka nilipomwinua mimi. Miaka yote ile kumbe haikuwa kitu, na pigo moja kwa mtu mwingine likawa kila kitu. Hasira yangu nyingi inakaa hapo, kwa wale walioketi wakinawa.

Tulihamia Kisarawe kwa Bi Chausiku. Baba alirudi Gwata, akaoa tena, na nasikia aliendelea kufanya mazoezi yake kila asubuhi na akazeeka akiwa amenyooka. Mkewe wa pili sijui ilikuwaje. Hata kuuliza niliogopa.

Siku zile za kwanza mkono wa Bi Chausiku ulikuwa umefungwa vijiti na kitambaa. Nilikuwa nimekaa miguuni pake, sina uso wa kumtazama kwa ajili ya ule mchanga, nikamwuliza kama alijua kwamba Baba atapiga.

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulimponya?"

"Mwanamke anayemwacha mume mkekani nani atamsikiliza?" akasema. "Wangemwambia avumilie mpaka apone, halafu wangemwambia avumilie kwa kuwa amepona. Nilitaka aseme mwenyewe, mbele yao, kwamba ni mzima. Mama yako kupigwa wamezoea. Ilibidi nitafute mtu ambaye hawajazoea kumwona akipigwa, na mjukuu wangu, pale hakuwepo mwingine ila mie."

Kisha akaniambia nisimame nimfunge kanga, maana vidole vya mkono ule haviwezi kukaza fundo. Havikuweza tena. Nilimfunga kila asubuhi mpaka siku nilipoolewa.